Kama Mzee Wenu Alifanya Kazi ya Boila, Anzeni na Daftari

Kama kwenu kuna mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye meli za Kisumu, hasa chumba cha injini au boila ambako mabomba yalifunikwa kwa asbesto, na sasa ana kikohozi kikavu kisichoisha au akitoka sokoni lazima asimame njiani avute pumzi, kaeni naye mwandike kazi alizofanya. Fanyeni hivyo kabla ya kumtafuta wakili, na ikiwezekana kabla ya kumwona daktari. Mimi nimeipita njia hii na baba yangu. Hospitalini na kwa afisa wa leba, kilichotusaidia kuliko kitu kingine chochote kilikuwa daftari la shule tuliloandika tukiwa nyumbani.

Asbesto ni madini ya nyuzinyuzi yanayozuia joto, na vumbi lake halikuumizi siku ile unapolivuta. Nyuzi hizo ni nyembamba hata hazionekani kwa macho, zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu na nyingine hazitoki tena. Asbestosisi, yaani makovu ya mapafu, hujitokeza baada ya miaka 10, 20 au zaidi. Mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo, kwa kawaida huchukua kati ya miaka 20 na 50. Kufikia hapo mkandarasi amefunga biashara, msimamizi ameshazikwa, na mgonjwa mwenyewe hawazi kabisa kwamba kifua chake kina uhusiano na kazi ya ujana wake.

Baba alikuwa fundi wa kufunika mabomba ya mvuke, ameajiriwa na mkandarasi aliyekarabati meli bandarini. Nilipomuuliza alifanya kazi miaka gani, alinyamaza. Nilipomuuliza ni meli gani, akafunguka. Wazee wa bandari wanahesabu miaka kwa meli: kabla Victoria haijaanza safari mwaka 1961, Uhuru ilipoanza kuvusha mabehewa ya treni mwaka 1966, na baadaye Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Nikawa naandika meli upande mmoja wa ukurasa, mwaka upande wa pili.

Kisha nikamwomba anionyeshe kwa mikono walivyokuwa wakifanya. Akavuta karai la mama. Unamimina unga mweupe wa asbesto kutoka kwenye gunia, unatia maji, unakanda kwa mikono mitupu kama ugali, unaupaka kwenye bomba, unazungushia kitambaa. Unga ukimiminwa, alisema, hamwonani. Matengenezo ndiyo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu asbesto ya zamani iliyokauka kwenye bomba ilibomolewa kwa nyundo na patasi ndani ya chumba kisicho na dirisha. Milango ya boila ilizibwa kwa kamba nyeupe ya asbesto ambayo waliikata kwa kisu. Andikeni mambo haya jinsi anavyoyasema, na majina ya wenzake waliokuwemo, akiwemo mchomeleaji na fundi wa kupaka rangi. Hao hawakushika asbesto, lakini hewa ilikuwa ileile. Mwulizeni pia nani alifua ovaroli. Kwetu ni mama, na ndiyo maana naye alipigwa picha ya kifua.

Huku kwetu Nyanza kikohozi cha muda mrefu kikitajwa, jina la kwanza ni TB. Ni sawa kupima TB, tena ipimwe mapema. Kinachoniudhi ni mzee kurudishwa kwenye dawa zilezile bila majibu ya makohozi, kama alivyofanyiwa baba katika kituo kimoja cha afya. Makohozi yakipimwa na hayana vijidudu, mwambieni daktari waziwazi: mzee huyu alifanya kazi na asbesto. Wengi hawaulizi historia ya kazi. Ombeni rufaa mfike hospitali kubwa, kwa mfano Jaramogi pale Kisumu, ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia. Ombeni picha ya kifua, kipimo cha kupuliza kinachoonyesha nguvu ya mapafu, na picha ya CT ikiwezekana. Kama kuna maji yamejaa kando ya pafu, yasitolewe tu na kumwagwa, yapelekwe maabara. Mesothelioma inahitaji kipande kidogo cha nyama ya mwili wa mgonjwa kichunguzwe, na majibu hayo ya maandishi ndiyo mtakayoyahitaji baadaye kwenye dai.

Asbestosisi haina dawa ya kuondoa makovu. Mzee anaweza kusaidiwa apumue vizuri zaidi, achanjwe dhidi ya homa ya mafua na nimonia, na aache sigara. Hili la sigara tulilishikilia sana kwa baba, kwa sababu sigara na asbesto pamoja huzidisha mno hatari ya saratani ya mapafu kuliko kimoja peke yake.

Sasa upande wa sheria. Dai la ugonjwa wa kazi Kenya halianzii kortini. Chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ile wengi wanaiita WIBA, linaanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini kupitia afisi yake ya kaunti, na Mahakama ya Juu ilikubaliana na utaratibu huo mwaka 2019. Dai lina miezi 12, na kwa aliyefariki inahesabiwa tangu siku ya kifo. Kwa mgonjwa aliye hai, ninyi anzeni kuhesabu siku daktari alipoandika jina la ugonjwa, msingoje zaidi. Kwa kifo au ulemavu kamili wa kudumu, kipimo cha fidia ni mapato ya miezi 96. Msipokubaliana na uamuzi, mna siku 60 za kuupinga kwa maandishi. Kila barua mnayopeleka, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Kwa kazi ya zamani kama ya baba, mkumbusheni wakili kwamba kabla ya 2007 palikuwa na sheria nyingine ya fidia ya wafanyakazi, Sura ya 236, aangalie ipi inamhusu mzee. Mtafutieni barua ya kuajiriwa, kadi ya NSSF, hata picha ya zamani aliyopigwa na wenzake mbele ya meli. Wenzake walio hai waandike na kuapa mbele ya kamishna wa viapo wakiwa bado na kumbukumbu. Na kama mwajiri alikuwa tawi la kampuni ya nje, semeni. Mwaka 2000 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliruhusu maelfu ya Waafrika Kusini kuishtaki kampuni ya Cape huko London kwa madhara ya asbesto, na mwaka 2003 wakalipwa kwa makubaliano.

Victoria yenyewe iliundwa Glasgow, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa na kuunganishwa Kisumu. Kule Glasgow, kando ya mto Clyde, familia za waunda meli zimezika watu wengi kwa mesothelioma, na ugonjwa wao umeandikwa na kuhesabiwa. Wa kwetu wanaandikwa kikohozi, au uzee. Linanisumbua sana hilo.

Vijana wanaochomelea kwenye karakana za meli leo nao nawaambia: kabla hamjakata bomba au ukuta wa meli ya zamani, mwulizeni msimamizi kama nyenzo zake zimepimwa, na jibu liwe la maandishi. Kenya ilipiga asbesto marufuku mwaka 2006, lakini iliyokwishafungwa iko palepale, kwenye meli kuukuu na kwenye mapaa ya nyumba nyingi za zamani, Kisumu na Nakuru vilevile. Paa la aina hiyo halivunjwi kwa rungu wala halifagiliwi likiwa kavu. Linaloweshwa maji, linashushwa zima zima, linafungwa kwenye polithini nzito na kuchukuliwa na msafirishaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Vipande vyake msivifanye banda la kuku.