Ukitaka kushona kiatu cha kupindua kama Wakopti

Kiatu changu cha kwanza cha kupindua kilinipasukia mikononi. Kilikuwa kazi ya siku nne. Nilikishona ndani nje, nikashika kisigino ili nikigeuze, mara ngozi ikachanika tundu kwa tundu kuanzia ubavuni hadi kwenye dole gumba. Kwa hiyo haya ninayokuandikia nimeyalipia.

Mimi ni fundi wa makubadhi, nimekulia kwenye gidamu na soli bapa. Viatu vya Wakopti, yaani Wakristo wa asili wa Misri, nilivikuta kwenye picha za jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Vilitoka Akhmim, mji wa Misri ya Juu ambao Wagiriki waliuita Panopolis. Makaburi ya pale yalianza kufukuliwa miaka ya 1880, na kwa kuwa mchanga wa jangwani ni mkavu, ngozi ilikuwa imesalimika zaidi ya miaka elfu moja. Louvre, jumba la makumbusho la Paris, nako kuna vingine, vya Antinoe, mji mwingine wa kale wa Misri. Baadhi vimenakshiwa kwa dhahabu nyembamba kama ganda la kitunguu, na watu wengi huishia hapo. Mimi nilinasa kwingine: pale ngozi ya juu inapokutana na soli, uzi hauonekani.

Hauonekani kwa sababu kiatu kimeshonwa kikiwa kimegeuzwa, upande mzuri ukiwa ndani, kisha kikapinduliwa. Mshono ukabaki ndani, mbali na mawe na vumbi. Ukitaka kujaribu, anza na ngozi, maana hapo ndipo nilipokosea mapema kuliko nilivyodhani.

Mafundi wa zama za Mafarao walitegemea zaidi mafuta. Kutengeneza ngozi kwa tanini ya mimea, yaani dawa ya mimea inayoizuia ngozi mbichi isioze, kulienea Misri wakati wa Wagiriki na Warumi, na dawa yao kubwa ilikuwa maganda ya mbegu za mgunga, mti ambao hata huku kwetu unaota. Nami nikaokota maganda, nikayatwanga, nikayaroweka, nikapata maji mazito meusi kama chai ya mkandaa. Kwa pupa nikaitumbukiza ngozi ya mbuzi humo moja kwa moja. Usifanye hivyo. Maji makali hukaza ngozi juujuu na kuziba njia, katikati ikabaki mbichi. Ukiikata utaona mstari mweupe katikati ya kahawia. Ngozi yangu ilikuwa na mstari huo, na hapo ndipo ilipochanikia.

Anza na maji mepesi, siku chache, geuza ngozi asubuhi na jioni. Ongeza ukali kidogo kidogo. Ya mbuzi mimi huipa wiki tatu hadi nne, na kila wiki nakata kipande pembeni nione kama ule mstari umekwisha. Halafu mafuta kidogo, uikaushe kivulini huku ukiivuta kwa mikono. Haina njia ya mkato, na ningependa sana mtu angeniambia hivyo kabla sijaharibu ngozi mbili.

Soli iwe ya ng'ombe, lakini isizidi milimita tatu kwa mwanafunzi. Nene zaidi haitapinduka. Uzi uwe wa kitani, uupake nta ya nyuki. Toboa kwanza kwa msharasi, chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi, ndipo upitishe sindano mbili kwenye tundu moja, kila moja ikitoka upande wake. Usizisogeze tundu karibu mno, utakuwa umechora mahali pa kuchanikia. Baadhi ya viatu vya kale vina kikanda chembamba cha ngozi kati ya soli na ngozi ya juu. Kitie. Kinaziba mwanya na kuupunguzia uzi mzigo.

Na uangalie mkono wako. Kanisa la Kikopti husimulia kwamba Mtakatifu Marko alipoingia Aleksandria kiatu chake kilikatika, akampelekea fundi aitwaye Anianus. Msharasi ukamchoma Anianus mkononi, Marko akamponya, na fundi huyo ndiye akawa patriaki, yaani mkuu wa kanisa hilo, wa pili, akimfuata Marko. Mimi nina kovu kwenye kiganja cha kushoto, mahali hasa ambapo mtu hushikia soli, na kila nikiisikia habari hiyo naona msimuliaji wa kwanza aliijua kazi yetu. Palladius naye, mwandishi wa Kikristo wa karne ya 5, anapoeleza kazi za watawa waliofuata kanuni za Pachomius, mtawa wa Misri, anataja watengeneza ngozi na washona viatu. Watawa hao walikuwa na monasteri Panopolis kwenyewe.

Sasa kupindua. Loweka kiatu kizima kwenye maji ya uvuguvugu mpaka kilegee kama kitambaa. Changu hutaka dakika ishirini. Anza na kisigino, kigeuze kwa vidole gumba, usivute. Halafu chukua kijiti chenye ncha ya mviringo, usukume pua ya kiatu kutoka ndani, polepole, huku mkono wa pili ukiikunja soli. Kuna mahali itagoma, katikati ya unyayo. Usitumie nguvu, lowesha tena.

Ikishatoka, gonga mshono kwa nyundo ya mbao ulale, shindilia matambara makavu ndani hadi kiatu kipate umbo la mguu, ukiweke kivulini. Cha kwangu cha tatu kilikauka siku mbili. Nilipotoa matambara nilipitisha kidole kwa ndani, nikazihesabu tundu kwa kuzigusa, zote zipo.