Wiki Ambazo Hutacheza: Ushauri kwa Binti Anayetaka Kuishi kwa Raketi

Nimecheza badminton ya kulipwa kwa miaka 11, minne ya mwanzo katika mchezo wa mmoja mmoja na iliyobaki katika wawili wawili wa wanawake, na kwa muda wote huo sikuwahi kuingia katika orodha ya wachezaji 60 bora wa dunia. Nalitaja hilo mapema ili msomaji ajue anashauriwa na nani. Ushauri wa mabingwa upo tele. Huu ni wa mtu aliyejilipia tiketi zake kwa sehemu kubwa ya safari, akapasuliwa goti akiwa na umri wa miaka 23, na akatambua kwa kuchelewa kwamba uamuzi mzito kuliko yote katika kazi hii ni kuchagua wiki ambazo hutacheza.

Nianze na jinsi mtego unavyotegwa. Viwango vinavyotolewa na Shirikisho la Dunia la Badminton hujumlisha pointi ulizopata katika wiki 52 zilizopita, na ikiwa umecheza zaidi ya mashindano 10, ni yale 10 uliyofanya vizuri zaidi tu ndiyo yanayohesabiwa. Ukiisoma kanuni hiyo harakaharaka utaona kwamba shindano la 11, la 15 au la 22 haliwezi kukudhuru, kwa kuwa matokeo mabaya hayapunguzi kitu na huenda moja likakuinua. Nami niliisoma hivyohivyo. Haba na haba hujaza kibaba, nikajiambia, bila kuona kuwa kibaba chenyewe kina tundu chini: kila wiki inayopita, pointi za wiki kama hiyo mwaka uliotangulia zinadondoka, na mchezaji anajikuta analazimika kurudi palepale alipofanikiwa mwaka jana, mzima au mgonjwa, ili alipe deni alilojiwekea mwenyewe.

Mwaka wangu wa nne nilicheza mashindano 19. Kati ya hayo, 13 niliondoka raundi ya kwanza au ya pili, na katika ngazi nilizocheza mimi anayetoka raundi ya kwanza hurudi mikono mitupu. Hapa niseme jambo moja la heri kuhusu mchezo wetu: katika mashindano makubwa ya dunia, zawadi ya mshindi wa kike wa mmoja mmoja ni sawa na ya mwenzake wa kiume, na si kila mchezo unaoweza kujivunia hilo. Hata hivyo usawa huo hauna maana kwa aliyetoka siku ya kwanza, kwa sababu mshindi huchukua takribani asilimia 7 ya fungu lote, na kinachobaki hupungua kwa kasi unaposhuka raundi kwa raundi. Nilikuwa nikifunga nyuzi za raketi zangu mwenyewe usiku ili kuokoa gharama, nikilala kwa muda wa saa tano tu, kisha asubuhi naingia uwanjani nikishangaa kwa nini miguu ni mizito.

Shindano hilo la 19, la mwisho kwa mwaka huo, liliangukia wiki ya tatu mfululizo bila kupumzika. Ilikuwa raundi ya pili, seti ya tatu, niko nyuma kwa 14 dhidi ya 16. Mpinzani alinyanyua kinyoya, kile kinachopigwa badala ya mpira, juu kuelekea kona yangu ya nyuma upande wa kushoto. Mchezaji wa mkono wa kulia ana njia mbili za kukifikia: kupiga kwa bekhendi, yaani kwa mgongo wa mkono, au kuzungusha mwili na kukipigia juu ya kichwa. Njia ya pili ni kali zaidi, lakini inamtaka aruke na kutua kwa mguu wa kushoto peke yake wakati kiwiliwili bado kinaelekea nyuma na pembeni. Nilikuwa nimelifanya tendo hilo maelfu ya mara tangu utotoni. Siku hiyo mguu ulichelewa kidogo, goti likaingia ndani, na kabla ya maumivu nilisikia mlio. Mpinzani wangu naye aliusikia, maana alishusha raketi yake kinyoya kikiwa bado hewani.

Baadaye daktari aliyenipasua aliniambia kwamba kona ile ndiyo ninayopaswa kuiogopa kuliko smashi, lile pigo kali la kushuka chini, ya mtu yeyote. Kano ya mbele ya goti, ile inayozuia mfupa wa ugoko usiteleze kwenda mbele, hukatika kwa wanawake mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla, na kwa wachezaji wa badminton goti lililo upande usioshika raketi huumia zaidi katika kutua kwa namna hiyo. Usidhani hili ni la wachezaji wadogo wasio na huduma. Carolina Marín wa Uhispania, bingwa wa Olimpiki wa 2016 na bingwa wa dunia mara tatu, aliumia goti la kulia mwanzoni mwa 2019, akarudi na kutwaa ubingwa wa China Open mwezi Septemba mwaka huohuo, akaumia la kushoto mwaka 2021 na kuikosa michezo ya Tokyo, kisha katika nusu fainali ya Paris mwaka 2024, akiwa anaongoza, goti la kulia likamwangusha tena. Huyo alikuwa na timu nzima ya kumwangalia. Wewe unayesafiri na begi lako na kocha unayemlipa kwa siku unachoweza kukimudu ni kutocheza ukiwa umechoka.

Nikiwa kitandani nililifungua daftari langu la mazoezi na kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe: usingizi, uzito uliokuwa ukishuka, mafua yasiyokwisha, na, kwa alama ndogo ya penseli, hedhi iliyokuwa haijaja kwa miezi mitano. Nakumbuka nilivyofurahi ilipokoma, nikaiona kama usumbufu mmoja uliopungua safarini. Laiti mtu angeniambia wakati ule ninachokuambia sasa, ningelipunguza nusu ya mashindano yale na kuongeza sahani.

Mchezaji wa kike anayetumia nguvu nyingi kuliko anazokula, mwili wake huanza kufunga huduma unazoona si za lazima, na uzazi ndio wa kwanza kufungwa. Homoni zinaposhuka, mifupa hudhoofika, misuli haijijengi sawasawa baada ya mazoezi, na majeraha madogo hayaponi. Kukosa hedhi kwa miezi mitatu mfululizo pasipo ujauzito ni sababu tosha ya kumwona daktari, na ni sababu tosha ya kujiondoa katika shindano, hata kama kocha wako ni mwanamume wa makamo ambaye hujawahi kuzungumza naye jambo la namna hiyo. Mimi niliona haya. Nilipokuja kumweleza kocha wangu wa pili, alinisikiliza, akaniuliza tarehe, akaziandika kwenye ratiba yake kama anavyoandika uzito wa vyuma, na mazungumzo yakaishia hapo. Miaka minne ya haya ilimalizika kwa dakika mbili.

Sasa nieleze ninavyoipanga kalenda, kwa kuwa hiki ndicho ninachoulizwa zaidi na mabinti ninaowafundisha. Kabla ya kuandika jina la shindano lolote, chukua kalenda ya mwaka mzima na uweke alama kwenye wiki ambazo hutacheza. Mimi nilikuwa nazipaka rangi nyekundu: wiki nne mfululizo baada ya msimu, nyingine nne katikati ya mwaka, na wiki moja ya nyumbani baada ya kila mashindano mawili yanayofuatana. Ukishazipaka, usiziguse tena, hata ukialikwa na mtu anayekupa malazi ya bure. Kinachobaki ndicho unachokigawa, na kwa mchezaji wa ngazi yetu hakipaswi kuzidi mashindano 12 hadi 14.

Kisha chagua kwa hesabu. Bingwa wa shindano la Future Series, ngazi ya chini kabisa ya mashindano ya kimataifa, hupata pointi 1,700, ilhali anayefika robo fainali tu katika International Challenge, ngazi mbili juu yake, hupata 2,200. Ubingwa ni mtamu na picha yake hupendeza, lakini ili uupate huenda ukacheza mechi tano, ilhali robo fainali ile inaweza kukugharimu ushindi wa mechi mbili, ingawa ni dhidi ya watu wakali zaidi. Ukiwa na goti la kulinda, mechi mbili ngumu zina faida kuliko tano nyepesi. Kuna wanaoniambia kwamba anayeanza anahitaji ushindi ili ajenge moyo, nami nakubali, mradi iwe ni mara mbili au tatu kwa mwaka na isigeuke mazoea ya kukimbilia vikombe vidogo kwa kuogopa kupigwa.

Uangalie pia ukumbi wenyewe. Kinyoya kina uzito wa gramu 4.74 hadi 5.50 tu, na viyoyozi vya kumbi kubwa hukisukuma kiasi kwamba upande mmoja wa uwanja pigo la kawaida linatoka nje na upande wa pili linaishia katikati. Anayefika jioni ya kuamkia mechi hana muda wa kuujua upepo huo. Shindano usiloweza kufika siku mbili kabla, liache.

Wengi huniuliza kama kupunguza mashindano si kujichelewesha. Hofu hiyo naijua, hasa kwa mwanamke anayesikia kila siku kwamba ana miaka michache kabla ya ndoa na watoto. Jibu langu ni Zhang Ning wa China. Mwaka 1994, akiwa kijana, alipoteza mechi ya mwisho iliyoamua fainali ya Uber Cup, kombe la dunia la timu za wanawake, mbele ya Mia Audina wa Indonesia, aliyekuwa na umri wa miaka 14, na kwa miaka mingi baada ya hapo wenzake walimtangulia. Mwaka 2004 alimshinda huyohuyo Mia Audina, wakati huo akiiwakilisha Uholanzi, katika fainali ya Olimpiki ya Athens, kisha akautetea ubingwa huo Beijing mwaka 2008 akiwa na miaka 33. Sisemi kila mtu ni Zhang Ning. Nasema tu kwamba miaka 10 kati ya kushindwa kule na medali ya kwanza haikumzuia, na kwamba asingeifikia kwa magoti yaliyokwisha akiwa na miaka 24.

Kalenda yako, hata hivyo, si yako peke yako. Usajili wa mashindano ya kimataifa hupitia chama cha nchi, na ndiyo maana wiki nyekundu zinapaswa kukubaliwa kwa maandishi kabla ya msimu kuanza. Mimi niliwahi kusajiliwa katika shindano nililokuwa nimekataa kwa mdomo, na kwa kuwa sikuwa na karatasi, nilikwenda. An Se-young wa Korea Kusini alipotwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 2024, aliitumia nafasi hiyo kulalamika jinsi jeraha lake lilivyoshughulikiwa. Tafakari ni sauti ngapi zisizo na dhahabu ambazo hazisikiki, kisha uandike barua yako na ubaki na nakala. Mkataba wa wadhamini nao usome hadi mstari wa mwisho, pamoja na kipengele cha mavazi. Mwaka 2011 Shirikisho lenyewe lilitaka kuwalazimisha wanawake kuvaa sketi au gauni katika mashindano ya juu, na mpango huo ukafutwa mwaka uliofuata baada ya malalamiko; mdhamini wako hana sababu ya kukurudisha huko.

Goti lilipopona nilihamia wawili wawili, na sijutii, ingawa pesa ni kidogo zaidi kwa kila mtu: jozi iliyoshinda hupata fungu linalozidi kidogo tu la mshindi wa mmoja mmoja, kisha huligawana. Kwa upande mwingine, kalenda ilipata mtetezi wa pili. Mwenzangu alikuwa mkali kuliko mimi, akithubutu kufuta safari kwa sababu tu ameniona nikishuka ngazi kwa kushikilia ukuta.

Kustaafu ndiyo wiki nyekundu ya mwisho, nayo hupangwa kama zile nyingine. Ukicheza na mwenzako, mweleze yeye kwanza kabla ya chama, kabla ya wadhamini, kabla hata ya familia ikiwezekana. Pointi za jozi ni za jozi. Atakapoanza na mtu mwingine, jozi hiyo mpya itaingia katika orodha ya viwango upya, na kila mwezi unaomfichia ni mwezi unaomwibia. Mimi nilimwambia miezi sita kabla, tukiwa tumekaa sakafuni pembeni ya uwanja wa mazoezi tukichambua vinyoya vilivyobaki, vizima kwenye bomba hili na vilivyokatika kwenye lile. Hakusema neno kwa muda. Kisha akaniomba kalenda, akachukua kalamu nyekundu, na akaanza kuhesabu ni mashindano mangapi yamebaki ya kucheza pamoja.