Maswali na Majibu: Chiyonofuji, Bingwa wa Sumo Mwenye Bega Bovu

Katika safu iliyopita tulimtaja kwa ufupi Chiyonofuji Mitsugu, mpiganaji wa sumo wa Japani aliyestaafu mwaka 1991. Wasomaji kadhaa wametuandikia kutaka kumfahamu zaidi, nasi tumechagua maswali yaliyojitokeza mara nyingi.

Nilidhani kila mpiganaji wa sumo ana tumbo kubwa. Mbona huyu anaonekana kama mnyanyua vyuma?

Sumo haina madaraja ya uzito, kwa hiyo mtu wa kilo 120 anaweza kupangiwa mwenzake wa kilo zaidi ya 200 na hana pa kulalamika. Chiyonofuji alikuwa na urefu wa sentimita 183 na uzito wa kilo 120 na ushei, naye alipambana mara nyingi na Konishiki, mzaliwa wa Hawaii, ambaye alikuwa na uzito karibu mara mbili yake.

Misuli ile, hata hivyo, haikuwa ya mapambo. Tangu ujana wake bega lilikuwa likimteguka mara kwa mara, na mwaka 1979 liliteguka vibaya kiasi cha kumshusha hadi daraja la pili. Alichofanya ni kujenga nyama kuzunguka kiungo kile ili imshikilie mfupa, kwa mamia ya pushapu kila siku. Akabadilisha pia namna ya kupigana. Hapo awali alipenda kuwainua na kuwatupa watu wakubwa kwa nguvu za mikono, jambo lililolichosha bega. Baadaye alijifunza kuingia chini na kwa kasi, kuukamata mkanda wa mpinzani upande wa mbele, kujibana kifuani pake na kusonga naye hadi nje ya ulingo. Kwa maoni yangu, kama bega lile lingekuwa zima, huenda angebaki mpiganaji wa kawaida mwenye mitupo ya kuvutia.

Alitokea wapi, na aliingiaje katika mchezo huu?

Alizaliwa tarehe 1 Juni 1955 katika mji mdogo wa Fukushima, kisiwani Hokkaido, katika familia ya wavuvi. Shuleni alikuwa hodari wa riadha, hasa miruko. Chiyonoyama, bingwa mkuu wa zamani aliyetoka mji huohuo na ambaye wakati ule aliongoza Kokonoe, kambi ambamo wapiganaji hufanya mazoezi pamoja, mjini Tokyo, alimshawishi ajiunge naye, na inasimuliwa kwamba ahadi iliyomlainisha kijana huyo ni ya kupanda ndege kwenda Tokyo. Alipanda ulingoni kwa mara ya kwanza mwaka 1970, akiwa na umri wa miaka 15.

Ni kweli kwamba alipanda vyeo vyote vya juu ndani ya mwaka mmoja?

Ndiyo, mwaka 1981. Mwezi Januari, akiwa sekiwake, yaani cheo cha tatu kutoka juu, alimshinda bingwa mkuu Kitanoumi katika pambano la ziada la kuamua ubingwa. Akapandishwa kuwa ozeki, cheo cha pili, akatwaa tena kombe mwezi Julai, kisha akatawazwa kuwa yokozuna, yaani bingwa mkuu, wa 58. Mashindano yake ya kwanza katika cheo hicho aliyakatisha kwa jeraha la kifundo cha mguu, na wapo waliodhani kwamba amekwisha. Mwezi Novemba akatwaa kombe la tatu la mwaka. Alimaliza kazi yake na mataji 31, zaidi ya nusu yake akiyapata baada ya kufikisha miaka 30.

Ni ushindi upi uliokuwa mgumu kwake kuliko wote?

Wengi hutaja mapambano 53 mfululizo aliyoshinda mwaka 1988, mpaka Onokuni alipomwangusha siku ya mwisho ya mashindano ya Novemba. Mimi nataja Julai 1989. Mwezi mmoja kabla yake, binti yake mchanga alifariki ghafla. Chiyonofuji alifika kwenye mashindano ya Nagoya akiwa na shanga za sala za Kibudha shingoni, akapigana siku zote 15, na mwisho akalazimika kukutana na Hokutoumi katika pambano la ziada. Wapiganaji wa kambi moja hawapangiwi kupambana isipokuwa wanapofungana kileleni namna hiyo, na Hokutoumi alikuwa mdogo wake wa kambi, mtu aliyefanya naye mazoezi kila asubuhi. Chiyonofuji alishinda.

Kwa nini alistaafu katikati ya mashindano?

Kwa sababu yokozuna hashushwi cheo. Mwingine akipoteza hurudi chini na kujaribu tena, lakini yokozuna aliyepungukiwa na nguvu hana budi kuondoka. Mei 1991, siku ya kwanza, Chiyonofuji aliangushwa na Takahanada, kijana wa miaka 18, ambaye baba yake aliwahi kupigana naye. Siku ya tatu akashindwa na Takatoriki, akatangaza huku machozi yakimtoka kwamba nguvu za mwili zimefika kikomo. Alikuwa na ushindi 1,045, rekodi ya wakati huo.

Maisha yake baada ya hapo yalikuwaje?

Mwaka 1992 alikabidhiwa kambi yake ya Kokonoe. Mwanafunzi wake mashuhuri zaidi ni Chiyotaikai, kijana mtukutu aliyemnyoosha hadi akawa ozeki mwaka 1999. Mwaka 2015, alipotimiza miaka 60, alifanya ibada ya kuingia ulingoni akiwa amefungwa kamba nyekundu kiunoni, kama ilivyo desturi kwa mayokozuna wa umri huo. Alifariki tarehe 31 Julai 2016 kwa saratani ya kongosho. Kambi ikaachwa mikononi mwa Chiyotaikai, na wapiganaji wake wengi bado wanapewa majina ya ulingoni yanayoanza na Chiyo.