Kabla hujampa mzee wako vidonge vya nitriki oksidi

Siku hizi hapa Lamu, ukiwa na mzee anayetetemeka au kusahau, haipiti muda utaletewa chupa. Ya ami yangu, ambaye ana Pakinsoni (ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu atetemeke), ilitoka Mombasa kwa jamaa mwenye nia njema: vidonge vya ajinini (kijenzi kimoja cha protini), vya kuongeza nitriki oksidi na "kuamsha ubongo". Mimi ndiye ninayemuuguza, na nasema usimpe mgonjwa wako kitu hicho kabla daktari wake hajakiona.

Nitriki oksidi ni gesi, na si uzushi. Mwili wenyewe huitengeneza kutokana na ajinini, na kugundua kwamba hulegeza mishipa ya damu kuliwapa wanasayansi Furchgott, Ignarro na Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Muuzaji atakueleza hayo, kisha atanyamaza. Ndani ya ubongo mgonjwa, seli za kinga zikishachokozwa huimwaga gesi hiyo kwa wingi. Ikikutana na supaoksaidi (aina kali ya oksijeni) huzaa sumu iitwayo peroksinitraiti, nayo hushambulia protini na mafuta ya seli za neva. Alama za uharibifu huo zimeonekana katika ubongo wa watu waliokuwa na Pakinsoni, na pia wa wenye Alzaima (ugonjwa wa kusahau). Sasa, nani amekwambia kwamba mzee wako amepungukiwa na gesi hiyo? Hakuna kidonge cha kuongeza gesi hii kilichothibitishwa kupunguza kasi ya maradhi hayo.

Kilichonitia hofu zaidi ni presha. Pakinsoni yaweza kuishusha ghafla mtu anaposimama, na levodopa, dawa ya Pakinsoni anayomeza ami, nayo yaweza kuishusha. Uongeze tena kitu cha kulegeza mishipa? Nyumba zetu za mawe zina ngazi kali, na ukitoka nje ni kichochoro chembamba na punda anakuja. Kizunguzungu kidogo tu, mzee amevunjika nyonga. Na kama aliwahi kupata mshtuko wa moyo, ajinini iepukwe kabisa: katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, wagonjwa 6 kati ya waliopewa ajinini baada ya mshtuko walifariki, na hakufariki hata mmoja kati ya waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa. Utafiti ukasimamishwa.

Pesa ya chupa mimi huipeleka sokoni. Mchicha una naitreti, ambayo bakteria wa mdomoni huanza kuigeuza na mwili ukamalizia kupata nitriki oksidi yake (dawa kali za kusukutua huwaua bakteria hao). Ami hula mchicha wake wa nazi kwa raha. Ni chakula, sikiiti tiba.

Ukienda kliniki, beba kila chupa iliyoko nyumbani, hata ya mitishamba. Omba mzee apimwe presha akiwa amelala, kisha tena baada ya kusimama dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, mwambie daktari papo hapo, na mshike mzee mkono wakati wa kuteremka ngazi.