Mpandishe alingane na wenzake, na pointi zisiwe za kuua tu

Mkuu nimekusoma, mnacheza Dungeons & Dragons (ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika na kurusha dadu) kila Jumamosi hapo Sinza, wewe ndo unauongoza, na yule jamaa wa Mbagala anakosa kosa kwa sababu ya shifti, sasa mhusika wake yuko leveli 3 wenzake washafika 5, unauliza umpandishe bure au umuache ahangaike mwenyewe. Mi nasema mpandishe Jumamosi hii hii. Leveli 5 sio namba tu, kwenye toleo la sheria za mchezo la 2014 hapo ndo mpiganaji anaanza kupiga mara mbili kwa zamu moja na mchawi anapata ule mpira wa moto, kwa hiyo zimwi linalowatosha wao yeye litamlaza mapema, halafu akae pembeni saa zima anaangalia wenzake wanarusha dadu, kweli wiki ijayo atapanda daladala aje? Na kitabuni kufika leveli 3 ni pointi 900 za uzoefu ila 5 ni 6,500, mtu anayekuja mara moja moja pengo hilo haliwezi.

Ila kinachoniuma zaidi ni kwamba pointi unatoa kwa kuua tu aisee. Yule dada anayecheza mhusika mwimbaji akimlainisha mlinzi wa geti mkapita bila vita anaambulia sifuri, baada ya muda kila mtu anachomoa panga hata kwa muuza duka. Mpe zilezile ambazo mngepata kwa kumpiga huyo mlinzi, au achana na hesabu kabisa, wapande wote kwa pamoja wakimaliza kisa. Wasiokosa kuja wazawadie dhahabu au silaha nzuri, leveli usiiguse.