Picha ya jiwe lile lile

Swali la wiki hii linauliza kama kuna faida yoyote ya kuwatumia wengine picha za matembezi ya kawaida, yaani ndege, miamba na vichaka vya jirani, ilhali kila mwenye simu anaweza kujipigia zake. Mimi ni mkazi wa Bwiru, jijini Mwanza, na tangu mwaka 2018 nimekuwa nikiwatumia ndugu zangu walioko Dodoma na Tabora picha za njia ninayopita asubuhi kutoka nyumbani hadi ziwani. Faida ipo, ila sijaiona sana katika picha nzuri. Nimeiona katika picha za mahali pale pale, zilizoandikwa tarehe na saa.

Mfano mdogo ni yule mjusi wa miambani ambaye jina lake la kisayansi, Agama mwanzae, limebeba jina la mji wetu. Mara ya kwanza nilimpiga picha saa moja asubuhi, kabla jua halijafika jiweni, naye akatoka na rangi ya udongo, hata shangazi yangu akanijibu kwamba mijusi ya namna hiyo imejaa chooni kwake. Niliporudi saa nne nilimkuta juu ya jiwe lile lile, kichwa na mabega vimekuwa vyekundu, mkia na kiuno vya buluu, akiinua na kushusha kichwa kumwonya dume aliyejitokeza jiwe la pili. Mjusi huyu hufifia akiwa na baridi au hofu, na hung'ara akishaota jua na kujiona mwenye eneo. Shangazi hakukubali kuwa ni mmoja mpaka alipoziona picha zote mbili na kovu lililokuwa mkiani.

Lakini lililonifanya niache kuona haya kutuma picha zisizo na mvuto ni maji. Kuna jiwe pana ambalo akina mama hulitumia kufulia, na karibu kila mwezi nilikuwa nalipiga picha, bila sababu kubwa, nikisimama chini ya mwembe ule ule. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa mwaka 2019 zililijaza Ziwa Victoria kwa kiwango ambacho wazee walikilinganisha na miaka ya 1960, na katika picha yangu ya Mei 2020 jiwe lile limebaki kama mgongo wa kiboko, na mchanga wa kuanikia nguo hauonekani kabisa. Maji yalipopungua, watu walianza kusahau. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kudhuru ziwa ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, lakini ukimuuliza mtu ukingo ni upi, atakuonyesha maji yalipo leo. Jirani mmoja aliyekuwa amekwisha kupanga mawe ya msingi wa banda lake alizitazama picha zangu kwa muda mrefu, akaniomba nimtumie ile ya Mei, na wiki iliyofuata mawe yalikuwa yamehamia juu, nyuma ya mwembe.

Nakiri kwamba si kila kitu kinafaa kutumwa. Niliwahi kutuma picha ya pimbi saba waliokuwa wakiota jua, wadogo wamepanda migongoni mwa mama zao, na nyuma yao ukaonekana mnara wa simu ambao kila mtu wa mtaa wetu anaujua. Picha ilisambaa nje ya kundi letu la familia, na haikupita siku kumi vijana wakafika pale na mbwa na manati. Sijui kama ni picha yangu iliyowaleta, lakini tangu hapo wanyama na viota navipiga kwa karibu, bila mandhari ya kumtambulisha mtu mahali, na katika simu nimezima kile kipengele kinachohifadhi eneo ndani ya picha. Jiwe la kufulia halina haja ya kufichwa.

Nimeambatanisha picha niliyoipiga Jumatatu saa moja na nusu asubuhi. Haina ndege wala mashua, ni jiwe, maji na beseni la mtu, kwa hiyo mhariri akiona haifai kuchapishwa nitaelewa. Akiichapisha, naomba tarehe iliyoandikwa pembeni isikatwe.