Maswali ya Wasomaji: Elektroni nyepesi vile, mbona chaji yake inalingana na ya protoni?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nasoma Form Two, naishi Mbagala. Kwenye notisi zetu za chembe zinazounda atomi, protoni uzito ni 1 na chaji ya umeme +1, elektroni uzito 0 na chaji -1, nyutroni uzito 1 chaji 0. Sasa kitu kisicho na uzito kinawezaje kulingana chaji na kitu kizito? Halafu mwenzangu anasema nyutroni ni protoni na elektroni zimegandana ndo maana chaji inakuwa sifuri, ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo sifuri ya kwenye jedwali ndo inawapoteza wengi, elektroni ina uzito wake kabisa ila ukiiweka na protoni hauonekani, basi wanaandika 0 kurahisisha hesabu. Tuseme mizani ya duka Kariakoo ingesoma gramu 1 kwa elektroni, hapo protoni ingesoma gramu 1836, karibu kilo mbili, na nyutroni gramu 1838 na nusu ushei. Mtu wa kilo 60, elektroni zote za mwilini mwake ukizikusanya hazifiki gramu 20, mi hii hainiishi kunishangaza.

Chaji sasa ni habari nyingine, haitokani na uzito. Ukipanda daladala la Mbagala konda anatoza kwa kichwa, mnene au mwembamba nauli ile ile, na chembe hizi ndo hivo hivo, protoni ina chaji moja chanya na elektroni moja hasi, zinalingana kabisa, ndo maana atomi ya haidrojeni yenye moja na moja haina chaji. Robert Millikan kule Marekani alianza kupima matone ya mafuta mwaka 1909 akakuta chaji inakuja kwa vipande sawa, na kila kipande ni kama 1.6 × 10⁻¹⁹ koulomu (kipimo cha chaji). Uzito unakuja kuonekana pale unapozisukuma: ziweke kwenye uga mmoja wa umeme, yaani eneo ambalo umeme unasukuma chembe zenye chaji, nguvu inayozisukuma ni sawa, ila elektroni inachomoka kwa mchapuko (jinsi kasi inavyoongezeka) mara 1836 ya protoni.

Kuhusu nyutroni, mwenzio kawaza kama mwanafizikia Rutherford alivyowaza mwaka 1920, kabla mwanafizikia mwenzake Chadwick hajaigundua 1932. Ila rudi kwenye mizani yetu, 1836 jumlisha 1 ni 1837, bado inapungua gramu moja na nusu ushei, kwahiyo hesabu haikubali. Ndani ya nyutroni kuna chembe ndogo zaidi zinaitwa kwaki, ziko tatu, moja ina chaji +2/3 na mbili zina -1/3 kila moja, jumlisha mwenyewe utapata sifuri. Nadhani kilichomchanganya ni kwamba nyutroni ikitoka nje ya kiini cha atomi ikabaki peke yake inadumu wastani wa kama dakika 15 tu, halafu inageuka protoni, elektroni na kachembe kengine kanaitwa antinyutrino, ila hiyo elektroni inazaliwa pale pale, haikuwa imejificha mle ndani.